Miguu Iliyobaki Nje ya Picha

Jumanne, 14 Aprili 1998. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo saa nne, ikarudi tena. Barabara ya Kidatu imekatika mahali pawili.

Leo nimekutana na Mpigapicha pale Mkula. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi nguo za ndani, nimebadilisha, nimekaa, na naandika kabla sijaanza kusahau. Daftari hili nina mwaka wa tisa nalo, na kila nikirudi kusoma nilichoandika naona nimejipendelea. Leo nitajaribu kuandika pande zote, na upande wangu mbaya pia. Elimu yangu ni darasa la saba. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Jina lake siliandiki. Hapa Ifakara hata wateja wake hawakulitumia. Walimwita Mpigapicha kana kwamba yuko peke yake mjini, na wapigapicha wengine walikuwepo wawili watatu, tena wa bei nafuu. Studio yake ilikuwa nyuma ya soko, na nje kulikuwa na kabati la kioo la kuonyeshea picha. Mimi nilikuwa msafishaji wake wa picha. Nilikaa naye miaka mitano katika chumba cha giza, mikono ikinuka dawa, mpaka mume wangu akawa anasema chakula changu kina ladha ya studio.

Mtu yeyote angeitambua picha yake kwa ukingo wake. Alitaka negativu ichapwe nzima, mpaka ule mstari mweusi wa pembeni uonekane kuzunguka pande zote nne. Wateja walilalamika kwamba picha zao za ubatizo zinafanana na matangazo ya tanzia. Aliwajibu kwamba mstari ule ni shahidi, unaonyesha hakuna kilichokatwa. Bwana harusi mmoja alirudi na picha ya keki, amekasirika, kwa sababu pembeni kabisa alionekana mjomba wake akitia vipande vya nyama katika mfuko wa koti.

"Mzee, huyu mkate," akasema.

"Nikimkata atakuwa hakuja," Mpigapicha akamjibu. "Na ile nyama tutasema ilikwenda wapi?"

Bwana harusi akacheka, akachukua picha yake. Lakini wapo ambao hawakucheka, wakahamia studio nyingine. Na mtu huyuhuyu ukuta wake wa studio ulichorwa ndege kubwa inapaa, na mbele yake alikuwa anawasimamisha wakulima wa Uchindile waliovaa koti la suti la kuazima, koti ambalo ni lake, linalotundikwa msumarini. Nilimuuliza siku moja kama huo si uongo. Akasema hapana, kila mtu anajua ule ni ukuta, hata anayeipokea picha anajua, wanafurahi pamoja. Uongo ni kile ambacho mtazamaji hana njia ya kukijua. Sikuridhika na jibu hilo, na mpaka leo sijaridhika sana. Ila nilimwelewa.

Nyuma ya kila picha, na juu ya kila bahasha ya negativu, aliandika kwa penseli mambo matatu: wapi, siku gani, na nini hakionekani. Hilo la tatu ndilo lililokuwa lake peke yake. "Harusi. Mkula. Hakionekani: mvua ilikuwa imeshabomoa turubai." "Mtoto wa kipaimara. Hakionekani: kaka yake anamfinya mgongoni asicheke." Nilisoma bahasha hizo kama mtu anavyosoma barua za watu. Baadaye nilikuja kuacha kuisoma bahasha moja tu, na hiyo nitaifikia.

Hakuwa mtu laini, na sitaki aonekane laini. Jumamosi alikunywa pombe ya komoni kuanzia saa sita, na akilewa alikuwa na maneno machafu kwa mtu yeyote aliyeko karibu. Mimi alinipiga kofi mara moja. Nilikuwa nimekata ukingo wa picha ya mtoto kwa sababu una vumbi, nikidhani nasaidia. Sikio lilivuma mpaka jioni. Kesho yake nilikuta khanga mpya juu ya kiti changu. Sikumsamehe upesi. Khanga niliivaa.

Zaidi ya harusi na vitambulisho, kazi yake nyingine ilikuwa maiti. Akipatikana mtu ameuawa au amezama, polisi walikuja kumchukua, kwa kuwa alikuwa na kamera na hakuwa anakimbia. Mvuvi aliyekatwa na kiboko kiunoni. Mwanamke aliyechomwa ndani ya nyumba yake Mlimba kwa kuitwa mchawi, mikono imekunjika mbele kama ya mtoto anayeomba kubebwa. Mtu wa relini ambaye ilibidi apigwe picha tatu kwa sababu alikuwa mahali patatu. Mpigapicha alikuwa anainama kwanza na kumwambia marehemu, "Samahani, ndugu," ndipo anafungua lenzi. Alitapika kila mara, ila baada ya kazi, si kabla. Mimi nilizisafisha picha hizo, na naeleza hili ili nisionekane mtu asiyejua damu inavyotoka kwenye karatasi nyeupe: haitoki nyekundu, inatoka nyeusi, na inatangulia kuonekana kabla ya uso.

Negativu za maiti hakuziweka pamoja na nyingine. Hilo alikuwa amelishika kwa nguvu kama watu wetu wengi wa huku walivyolishika: aliyekufa vibaya halali chumba kimoja na maharusi. Kwa hiyo zote alizitia katika kopo moja kubwa la biskuti, juu ya kabati, kila moja na bahasha yake. Ndani ya kopo hazikupangwa kwa mwaka wala kwa kijiji. Kifo ndicho kilichoziweka pamoja.

Vita alivijua. Alikwenda Uganda na wanamgambo mwaka wa sabini na tisa, akiwa na kamera yake ndogo mfukoni. Hadithi hiyo alinieleza mchana mmoja wa masika, hakuna mteja, wala hakuwa amelewa. Walipita kijiji kimoja wakakuta maiti ya kijana kando ya njia, risasi imemtoka shingoni, na karibu na mkono wake kuna debe la maji limelala. Mpigapicha alitaka picha ya adui aliyeshindwa.

"Debe lilikuwa linaniharibia," akaniambia. "Nikalisukuma kwa mguu. Sogeo moja tu, kama hivi. Hakuna aliyenituma."

Picha hiyo aliirudisha Ifakara, watu wakaishangilia, ikazunguka mpaka ikachakaa. Hakuna aliyewahi kuuliza kitu. Alisema akiwa peke yake alikuwa analiona debe lile liko palepale nje ya ukingo, na kwamba mpaka sasa hajui kama yule alikuwa askari au mtu aliyetumwa maji na mama yake. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuchapa negativu nzima. Nilidhani hadithi hiyo inanifundisha kitu kuhusu yeye. Nilijiona nimeshamjua.

Sasa habari ya kijiji cha Mbingu. Mwaka wa tisini na tatu, wakati wa mavuno, kijana mmoja alituhumiwa kuiba mpunga uliokwisha kupurwa. Walimfukuza mashambani wakamkamata penye kijito, wakampiga kwa mipini ya majembe, na alipoanguka mmoja akamkata panga usoni, kutoka sikio hadi kwenye kidevu. Alikufia majini, kichwa kikiwa kwenye matete. Polisi walipomfikisha Mpigapicha pale, baadhi ya waliompiga walikuwa bado wamesimama juu ya ukingo wa kijito, hawana wasiwasi, kama watu wanaosubiri zamu kisimani. Hawakuona sababu ya kujificha. Yeye akapiga picha tatu. Mbili zilikuwa za karibu, nazo alizipeleka polisi pamoja na negativu zake. Ya tatu ilikuwa nzima: marehemu chini na uso wake uliopasuka, juu yake mstari wa miguu, wengine pekupeku na wengine wamevaa ndala, na upande wa kulia, kwa kuwa ardhi inashuka pale, watu watatu walionekana mpaka nyuso. Hiyo haikuombwa, ikabaki katika kopo. Kesi ikakosa shahidi. Mama wa kijana alikuwa mjane, na majirani zake ndio hao, akaogopa kusema.

Mwaka uliofuata ikaja habari ya Rwanda. Tulisikia redioni kwamba maiti zinaelea mto Kagera na watu wanavuka kuingia Ngara kwa makundi. Kamati yetu ya misaada, ambayo ilikuwa ya waumini wa kawaida tu, ilikusanya mpunga vigangoni, yale makanisa madogo ya vijijini, na lori la kwanza lilipokwenda Mpigapicha akapanda juu ya magunia ili aje awaonyeshe watu mchele wao umefika kwa nani. Alikaa huko siku kumi. Alirudi na homa kali, macho ya njano, akanikabidhi filamu nne na kulala nyumbani kwake bila kula.

Nilizisafisha. Na hapa lazima niseme kweli: zilikuwa picha ambazo hazimshtui mtu. Alisimama darajani, mbali, kwa sababu hakuruhusiwa kushuka. Maiti zilikuwa ndogo katikati ya maji. Katika picha moja nilihesabu kumi na moja, lakini ilibidi nitumie kioo cha kukuzia. Nyingine ilikuwa mstari wa watu wamebeba magodoro, hawalii, wanatembea tu. Negativu za mtoni nilizitia katika kopo la biskuti kama ilivyokuwa desturi.

Mwenyekiti wa kamati alikuja Ijumaa kuchagua picha ya kubandika kwenye mbao za matangazo Jumapili, ili lori la pili lijae. Alikuwa mtu mwema, aliuza mbuzi wake wawili kwa ajili ya msaada ule. Alizitazama zile za mtoni akazirudisha mezani.

"Mama Neema, haya ni magogo," akaniambia. "Mtu wa Mbingu atatoa gunia kwa ajili ya magogo? Nitafutie yenye mtu."

Nilipanda kiti, nikashusha kopo. Nikachukua kipande kimoja, nikakiinua kwenye taa. Maji, matete, uso. Je, nilidhani ni cha Ngara? Nimejiuliza swali hili miaka minne. Kopo lilikuwa na negativu za Ngara juujuu, hilo ni kweli. Maji ni maji, hilo pia ni kweli. Ila bahasha yake ilikuwa imechakaa kidogo kuliko nyingine, na sikuigeuza kusoma penseli. Niliyekuwa nasoma bahasha zote hata za kipaimara, ile sikuigeuza. Nadhani nilihofia itaniambia nini.

Nilipoichapa, ile miguu ya juu ilinisumbua. Watu wamesimama wametulia hivyo, vita gani? Nikachukua karatasi nyeusi ngumu, nikaziba juu na nikaziba kulia. Ikabaki maiti na maji. Ikawa picha ya vita kuliko zote za zile filamu nne alizokuja nazo. Nikachapa nakala sita, bila ule mstari mweusi, na chini nikaandika kwa mkono wangu: Ndugu zetu wa Rwanda.

Jumapili watu walilia kanisani. Wiki ile stoo ilijaa mpaka magunia yakawekwa barazani. Mpigapicha alipona, akarudi kazini, na kuhusu picha ile hakuniambia lolote. Nikafikiri hajaiona, au ameiona na ameikubali.

Wiki ya pili alikuja mwanamke wa makamo, amefunga khanga kiunoni, miguu ina matope mpaka magotini. Mpigapicha alikuwa amekaa kwenye stuli anasafisha lenzi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akakataa kiti. Akatoa picha kifuani, ile ya kigango cha Mbingu, yenye matundu ya pini kwenye pembe.

"Mwanangu mmempeleka Rwanda lini?" akauliza.

Akaweka kidole juu ya picha, pale nilipokuwa nimeziba.

"Na hapa walisimama watu. Nilikuwepo, niliwaona. Hao nao mmewapeleka wapi?"

Mpigapicha akapanda kiti mwenyewe, akashusha kopo, akaitoa bahasha. Ilikuwa imeandikwa: "Mbingu, penye kijito. Hakionekani: mama yake ameshikiliwa na wanawake wanne." Akaisoma kwa sauti. Yule mama akakaa chini, sakafuni, akaegemea ndege ya ukutani. Mimi nilisema ni mimi niliyekata. Aliniangalia kidogo tu, kama mtu anayeangalia chombo kilichomkata, kisha akamgeukia Mpigapicha.

Habari ilifika vigangoni kabla yule mama hajafika kwake. Watu walirudi stoo kuchukua magunia yao. Redio iliposema maiti zinaelea Kagera, walevi wa kilabuni walicheka wakasema hizo ni za Mbingu. Akipita sokoni walimwita, "Mpigapicha, Rwanda leo kumekucha vipi?" Alizitundika zile picha zake za darajani katika kabati, nzima, na mistari yake myeusi, akaandika chini kila kitu. Watu walisimama, wakatazama, wakaulizana mto huu ni upi, Lumemo au Kilombero. Watu waliokuwa wanachinjwa kweli wakawa hawaaminiki hapa kwetu kwa sababu ya mkono wangu. Lori la pili liliondoka nusu tupu.

Baada ya siku chache akanituma nichape ile ya Mbingu, nzima, nakala mbili. Moja alimpa mama mkononi. Ya pili akaitundika katikati ya kabati na kuandika: "Huyu aliuawa Mbingu. Hawa walikuwepo." Nilimsihi asiiweke. Nilisema watakuja. Akanijibu kwamba waliokatwa ni wao, basi na waje wajione wamerudishwa.

Walikuja siku ya pili, saa nane mchana, watano. Mmoja alikuwa wa zile nyuso tatu. Walivunja kioo cha kabati kwa jiwe, wakaingia. Mimi nilikuwa chumba cha giza na mlango una komeo kwa ndani. Nililifunga. Naandika hivyo hivyo: nililifunga, nikakaa chini ya meza, nikasikia. Nilisikia mpini ukimpiga mgongoni, unatoa sauti kama godoro linalokung'utwa, halafu ukampiga mahali pengine na sauti ikabadilika. Hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu, au anasali, sikuweza kupambanua. Kisha mmoja akasema mkono gani anaotumia. Nikasikia kiti kinaburutwa. Walivunja vidole vyake vya mkono wa kulia kwa nondo ya mlango, kimoja kimoja, wakimuuliza baada ya kila kimoja nani alisimama wapi, na yeye akawajibu, kwa majina, nani alisimama wapi. Walipochoka walimwaga taa ya mafuta juu ya meza ya nje. Kopo lilikuwa hapo. Negativu zinashika moto kama nyasi kavu. Moshi ulipoanza kupita chini ya mlango ndipo nilipofungua, na wakati huo walikuwa wamekwenda, na watu wa soko wanamvuta kwa miguu kumtoa nje, damu inatoka sikioni.

Sikumsaidia. Wapo wanaonifariji kwamba na mimi wangeniua. Labda. Mimi sikukaa chini ya meza nikipima hilo, niliogopa tu.

Mama wa Mbingu alikuwa na ile nakala moja, na kwa sababu yake kesi ya mwanawe ikafufuliwa. Watatu walishtakiwa. Alikwenda kila mara kesi ilipotajwa, ameifunga picha ndani ya khanga mbili na mfuko wa nailoni. Alichotaka kilikuwa kimoja: watu wale wasimame mbele ya watu na isemwe kwamba walimuua. Wakili wao aliomba kuiona. Akaishika juu, akamuuliza Mpigapicha kama si hii iliyosemwa kanisani ni ya Rwanda. Akasema ile ilikatwa, hii ni nzima. Negativu iko wapi? Imeungua. Je, yeye aliiona ile ya kanisani ikiwa imebandikwa, akanyamaza? Akasema hakuiona mpaka mama alipoileta.

Kisha nikaitwa mimi. Nilieleza karatasi nyeusi, nilieleza miguu, nilieleza bahasha. Wakili akanisikiliza kwa upole.

"Mama, kwa hiyo wewe ni mwongo lini? Wakati ule, au sasa?"

Hakimu alisema picha iliyokwisha kusema mambo mawili haiwezi kumfunga mtu. Simlaumu, hata mimi ningekuwa kwenye kile kiti ningesita. Wakaachiwa. Mama alibaki amesimama mahakamani mahali palepale mpaka karani akaja kumgusa bega. Akairudisha picha ndani ya khanga mbili, akaifunga, akatoka.

Mpigapicha alihamia Kidatu na sikumwona tena mpaka leo.

Leo asubuhi nilikwenda Mkula kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Narudi, nakuta basi la kwenda Kidatu limezama tope hadi tumboni na abiria wamejikinga chini ya mabati ya muuza maandazi. Yeye alikuwa kati yao. Sikio moja halisikii, nilikuwa upande mbaya, ikabidi nizunguke. Nilimwamkia. Akaitikia, akasogea nikae. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya goti, vidole vimeganda vimeelekea kila kimoja kwake. Kamera alikuwa nayo, kushoto.

Nilianza kuomba msamaha, maneno ambayo nimeyaandika humu mara nyingi. Akanikatiza.

"Niliiona," akasema.

Nikamuuliza aliona nini.

"Ile ya kanisani. Jumapili ya kwanza. Nilijikongoja na homa yangu nikaenda misa. Niliijua pale pale, kabla sijakaa." Muuza maandazi akapita na karai. "Nilikuwa nimetoka Ngara. Niliona mama anawachemshia watoto watatu majani ya porini, hana kingine cha kuwapa. Nikasema lori lijae kwanza, liondoke, ndipo niitoe. Mvua ikalichelewesha. Naye mama wa Mbingu akawahi kuiona."

"Na mahakamani?"

"Mahakamani nilisema uongo. Nilifikiri nikikubali hapo, kesi yake imekufa. Imekufa hivyo hivyo."

Sijui niandike nilihisi nini. Miaka minne nimebeba mzigo nikidhani ni wangu wote, na sikufurahi kupunguziwa. Kwanza nilimkasirikia. Halafu nikaona mimi nilijua nusu nikakata, yeye alijua yote akanyamaza, na mwenyekiti aliyeuza mbuzi wawili alitaka wenye njaa wapate chakula. Na wote watatu tulikuwa tunawaonea huruma watu wa Rwanda, kweli kabisa. Nani alikosa zaidi, mtu mwenye akili kuliko mimi aseme.

Nilimuuliza kama yule mama anajua. Akasema ndiko anakotoka. Amelala Mbingu Pasaka yote, alikwenda kumwambia.

"Alisemaje?"

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nigeuke nitazame ukuta wake. Ameitundika, Mama Neema. Ameitengenezea fremu ya mninga. Hiyo ndiyo inayomkabili mtu akiingia mlangoni, hakuna nyingine. Wale watatu ni majirani, kuna misiba, kuna ubatizo, hawawezi kutoingia. Wanaingia, wanamsalimia, anawapa viti, anawapa chai." Akaifuta kamera kwa pindo la shati, kwa mkono wa kushoto. "Akasema, mahakama haikuiamini, lakini hawa wanaiamini. Tangu ameitundika hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akaitazama. Wanageuza kiti, wanaipa mgongo. Akiona hivyo anawaongezea sukari."

Basi lilivutwa na trekta saa tisa. Alipanda, akakaa dirishani, hakupunga mkono wala mimi sikupunga. Nilipata lori la mbao, likaniacha Ifakara jioni.

Mume wangu ameuliza mbona nimechelewa, nimemwambia barabara, kisha nimemweleza yote. Jioni tumekula wali, kisamvu, na samaki kitoga wawili wadogo aliowapata kwa jirani, mwanangu Neema akala kichwa.